Dokta wa Habari za Jana

Kuna watu ambao mji unawajua kwa gari lao, wengine kwa sauti, wengine kwa ugomvi wao na majirani. Dokta mji ulimjua kwa deli. Lilikuwa deli la bluu, aina ile wanayobeba wauza barafu, mfuniko wake umepasuka pembeni na kufungwa kwa mpira wa baiskeli, na lilisafiri nyuma ya pikapu yake kiangazi na masika. Mgeni akiliona alidhani mama huyu anauza samaki. Sisi tuliofanya naye kazi tulijua kilichomo, na tulijua pia kwamba mtu hapaswi kuambiwa akiwa bado anakula.

Siku moja tukitoka Mgeta, askari wa barabarani alitusimamisha akauliza kuna nini ndani ya deli. Dokta akamjibu ukweli bila kupepesa macho: mavi ya punda. Askari akaona anadhihakiwa, akaamuru lifunguliwe. Likafunguliwa. Akavitazama vile vifuko vilivyopangwa juu ya barafu, kila kimoja na alama yake, kisha akamtazama Dokta, gauni lake lililonyooshwa vizuri na manukato yake yaliyotangulia kufika barabarani, akauliza kwa upole kabisa, "Mama, nyumbani wanajua?" Dokta alikisimulia kisa hicho mpaka kwenye sherehe yake ya kustaafu, mbele ya wakubwa.

Nasema mavi kwa sababu yeye mwenyewe alisema mavi. Kijana aliyeingia maabara akaanza kutamka "kinyesi" kwa kubana midomo alirudishwa mlangoni aingie upya. "Hapa ni mavi," alimwambia. "Ukiyaonea aibu hayatakuambia kitu."

Nilifanya naye kazi miaka mingi katika maabara ya chuo hapa Morogoro, mimi nikiwa mtu wa mashine na yeye akiwa daktari wa mifugo, mwalimu na mtafiti. Uprofesa pia alikuwa nao, ila halikuwa jina lililomkaa. Watu wa Kihonda, watu wa Mgeta, hata mkuu wa idara yake, wote walimwita Dokta, na mimi nitamwita hivyo. Alizaliwa wapi na nani alimsomesha, hayo yamo kwenye hotuba za watu wengine. Mimi nataka kueleza alivyokuwa, na jinsi alivyomwokoa farasi mmoja wa kijivu asipigwe risasi, kwa sababu naona fahari kwamba nilikuwepo na sioni sababu ya kuificha.

Kazi yake kubwa ilikuwa kujua kama mnyama ana msongo bila kumgusa. Mnyama akipatwa na hofu, maumivu au upweke, mwili wake humwaga homoni kwenye damu, ile ambayo wataalamu huiita kortisoli. Njia ya mkato ni kumtoa damu ukapime. Lakini farasi akikuona tu unamjia na bomba la sindano, homoni hiyo inapanda, na kipimo chako kimeshaharibika kabla hujakianza. "Ukimchoma sindano atakujibu habari za sindano," alikuwa akisema. "Na wewe hukuja kuuliza habari za sindano." Basi yeye alisubiri. Homoni ikishamaliza kazi yake mwilini huvunjwavunjwa, mabaki yake hupita tumboni, na mwisho hutoka na mavi. Kwa farasi safari hiyo huchukua kama siku nzima. Ndiyo maana alikuwa na neno lake moja tulilolisikia mpaka tukaanza kuliota: mavi ya leo ni habari za jana.

Kulikuwa na njia nyingine pia, na alizijua zote. Mate yanaonyesha hali ya saa hiyo hiyo, ila lazima umtie mnyama pamba mdomoni, na wengine hawataki. Nywele zinahifadhi mambo ya miezi. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye mavi, maana hayo mnyama anayaacha mwenyewe na kuondoka zake, hakuna aliyemlazimisha. Wenzake walioshughulika na chanjo na magonjwa makubwa walimwonea huruma kidogo. Yeye aliwaonea huruma zaidi.

Asubuhi, kabla ya salamu, aliutazama mlima. Uluguru ukiwa umevaa wingu mpaka mabegani alianza kufoka, kwa kuwa mvua ikiyanyeshea mavi kabla hatujayaokota, kile tunachokitafuta kinaoshwa na maji. Basi siku za mawingu tulikimbizwa kama watu walioanika mpunga. Ukimwambia Dokta nadhani haitanyesha, alikujibu, "Usiniletee nadhani. Niletee mfuko."

Na hapo nimegusa upande wake wa pili. Mtu huyu aliyehangaika usiku na mchana na msongo wa punda hakuwa na habari kabisa na msongo wetu. Karibu na zizi hakuna aliyeruhusiwa kukimbia, kupiga kelele wala kufunga mlango wa gari kwa nguvu. Maabara alifunga yeye milango mpaka madirisha yakaitika. Wanafunzi walikariri sentensi zao kwenye korido kabla ya kuingia ofisini kwake. Siku moja msichana mmoja wa mwaka wa mwisho alitoka mle akakaa kwenye benchi langu, akaniambia, "Kaka, leo nikipimwa mimi hiyo mashine yako itaungua." Nilicheka, lakini niliondoka pale nikamchemshia chai, kwa sababu nilijua anasema kweli.

Hakuweza kusubiri chai ichemke. Nusu ya maisha yake alikunywa maji ya uvuguvugu yenye majani yanayoelea, na tangawizi nyingi ya kuficha ubaya. Mtu wa namna hiyo, ukimweka kando ya uzio wa farasi, alikaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri bila kunyanyua mguu. Nilishindwa kumwelewa, na mpaka leo sijui uvumilivu ule aliuweka wapi alipokuwa na sisi.

Kitu kingine, aliogopa kuku. Daktari wa mifugo mzima, aliyezalisha ng'ombe kwenye tope na kukaa mbele ya dume linalokwaruza ardhi, akiona jogoo anatikisa mbawa alirudi ndani ya pikapu na kupandisha kioo. Kule Mgeta, ambako kila ua una kuku, mazungumzo yake mengi na wenyeji yalifanyika kupitia upenyo wa dirisha. Wenyeji walifikiri ni adabu za mjini.

Mgeta ndiko alikopata somo ambalo alilirudia kwa kila kundi jipya la wanafunzi. Huko matuta ya mboga yamekatwa kwenye miteremko mikali, kiasi kwamba kabichi ikikuponyoka unaifuata mtoni. Wachache wenye punda huwatumia kushusha kabichi na karoti mpaka yanaposimama malori ya Dar. Dokta alitaka kujua punda wale wana hali gani. Asubuhi ya kwanza tulivaa glavu, tukaanza kuokota kwenye njia, tukijiona watu wa maana. Akatoka mama mmoja na jembe begani, akasimama juu yetu.

"Hayo mnayookota ni ya nani?"

"Ya punda, mama," nikasema.

"Punda wa nani?"

Nikatazama kifuko nilichoshika.

"Punda wangu," akasema yule mama. "Na hiyo ni mbolea yangu ya vitunguu. Mmetoka na gari mjini huko, mmepanda mlima wote huu, mje kuniibia mavi?"

Dokta alivua glavu. Akapanda mpaka pale aliposimama yule mama, akampa shikamoo kwa kuinama, ingawa hawakupishana sana umri, akaomba radhi, akarudisha vifuko vyote mikononi mwake. Siku hiyo tulishuka na deli tupu. Safari iliyofuata pikapu ilipanda Mgeta imejaa viroba vya samadi ya ng'ombe kutoka shamba la chuo, na huo ukawa utaratibu: tunapanda na mavi, tunashuka na mavi. Chuoni walitucheka sana. Dokta alisema huwezi kuchukua habari za mtu na mbolea yake kwa siku moja.

Kazi ile ilizaa matunda, na hili nalisema kifua mbele. Ilionekana kuwa punda hawakuumizwa na kupanda na kushuka kama walivyoumizwa na kusimama, kwa kuwa walifika barabarani wakamsubiri dereva wa lori huku mzigo uko mgongoni. Dokta alirudi na majibu kwa wenye punda kabla hajayapeleka kwa mtu mwingine yeyote, akawaeleza kupitia dirisha la pikapu, majogoo wakizunguka magurudumu. Leo ukifika pale utaona kabichi zimerundikwa chini kusubiri lori, na punda wako pembeni wanatafuna majani. Hakuna aliyeandika sheria.

Sasa nije kwa farasi.

Mjini kuna mzee mmoja mwenye duka la vipuri vya magari, wa familia za Kihindi zilizokaa hapa tangu enzi za babu zake, Mwislamu mcha Mungu, mwenye Kiswahili cha Morogoro kuliko mimi. Tulimwita Mzee wa Vipuri. Mbele ya Kihonda, pale viwanda vinapoishia na mashamba kuanza, ana shamba lenye farasi wachache, ugonjwa wake wa tangu ujana. Aliwapenda wote, ila zaidi alimpenda jike mmoja wa kijivu aliyemtoa Arusha. Jumapili wajukuu walikuja kupanda, na yeye alikaa kwenye kiti cha kukunja akihesabu tasbihi na kuwaangalia.

Yule wa kijivu akaanza kubadilika. Alimng'ata mtunzaji wake begani. Akavunja ubao wa zizi. Halafu Jumapili moja akamtupa mjukuu mkubwa chini, mkono ukavunjika.

Mzee alikuja chuoni kesho yake. Alikataa kiti. "Dokta," alisema, "mwanangu anataka farasi apigwe risasi. Anasema leo mkono, kesho shingo. Mimi sina la kumjibu, maana mtoto ni wake. Daktari mwingine ameshamkagua, meno, kwato, mgongo, kila kitu kizima. Kabla sijamwita mtu wa bunduki nataka kujua jambo moja tu. Ni mkorofi, au ana shida?"

"Nipe muda niokote," akasema Dokta.

"Muda gani?"

"Mpaka mwezi mpya uandame."

Mzee akafikiri. "Ukiandama na huna jibu, namwita. Nimempa mwanangu neno langu."

Nilimtazama Dokta, nikaona uso wake umebadilika. Alijua kabisa kwamba mavi yanaweza kukuambia mnyama anateseka bila kukuambia anateswa na nini. Alichukua jukumu lile hivyo hivyo, na tangu siku ile hakuna aliyempa salamu akajibiwa zaidi ya nusu.

Kazi ya kuokota alipewa mtunza farasi mwenyewe, mtu mzima kutoka Mgeta mwenye lafudhi ya mlimani isiyofichika. Alikuja kuanza kazi pale shambani na punda wake mmoja, akamweka zizi moja na farasi kwa kukosa pengine pa kumweka. Yeye Mluguru, Dokta Mnyamwezi, kwa hiyo walikuwa watani, na utani wao uliniondolea huzuni za mwezi ule. Kila asubuhi Dokta alipofika kuchukua vifuko, mtunza farasi alimpokea getini.

"Mtani, shikamoo. Babu zenu walibeba meno ya tembo mpaka pwani, watu wakawaheshimu. Wewe leo unabeba nini?"

"Marahaba. Nabeba siri zenu Waluguru," Dokta alijibu. "Babu zangu walipopita na mizigo, babu zako walikuwa wapi? Si mmejificha mlimani mnachungulia?"

Kisha alichukua vifuko akaondoka, na nyuma ya gari macho yake yalirudi kuwa mazito.

Mwezi ulipopita nusu tulikuwa na picha. Nilichora mstari kwenye karatasi kubwa, tukaenda nayo shambani. Alikuwepo Mzee, alikuwepo mwanawe aliyesimama na simu mkononi, alikuwepo mtunza farasi. Mstari ulikuwa umelala chini siku zote za wiki, halafu unanyanyuka juu, halafu unalala tena. Kila uliponyanyuka ilikuwa Jumapili.

Mzee alivaa miwani, akaufuata kwa kidole. "Jumapili," akasema. "Na Jumapili ndiyo siku wanayokuja watoto. Hata sasa hawampandi, wanapanda hawa wengine, lakini akiwaona tu." Akavua miwani, akaikunja taratibu. "Basi tumemaliza. Hawataki wajukuu zangu."

Mwanawe akafungua simu.

"Mzee," akasema Dokta, "Jumapili ni siku mavi yalipodondoka. Hii shida ni ya Jumamosi."

"Jumamosi hakuna kitu hapa. Mimi nipo dukani, watoto wapo nyumbani. Hapa ni kimya tu."

"Kweli kimya," akadakia mtunza farasi. "Hata mimi sipo. Naenda mashineni na mkokoteni kufuata pumba, narudi jioni."

Maneno hayo yalipita kwenye masikio yetu sisi wengine bila kugonga kitu. Dokta aliweka kikombe chini.

"Mkokoteni unakokotwa na nani, mtani?"

"Si na punda? Au ulitaka niubebe kichwani kama Mnyamwezi?"

Jumamosi iliyofuata tulikuwa pale tangu alfajiri, mimi na Dokta, tumekaa kwenye vigoda nyuma ya michongoma ili tusionekane. Mtunza farasi akafunga mkokoteni, punda akatoka getini. Yule wa kijivu alimsindikiza kwa ndani mpaka uzio ulipoishia, akalia. Kisha akaanza kutembea. Alikwenda na uzio mpaka kona, akageuka, akarudi, akageuka tena, na hapo ndipo nilipoona kwamba ardhi ya pale ilikuwa imechimbika njia, nyembamba na ngumu, ambayo sisi wote tuliipita kila siku tukidhani ni ya maji ya mvua. Nyasi hakugusa. Maji hakugusa. Jua lilipofika utosini alikuwa ameloa jasho kifuani, na bado anatembea. Jioni punda aliporudi na magunia yake, farasi alimwekea shingo juu ya mgongo wake, akatulia hapo miguu ikimtetemeka. Farasi wa hali hiyo ndiye aliyewekewa mtoto mgongoni ile Jumapili ya ajali.

Dokta alipenga kamasi kwa leso. "Ana shida," akasema.

Bado tulihitaji kujua kama ndiyo hiyo. Jumamosi iliyofuata pumba zilifuatwa kwa guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, punda akabaki. Jumapili nilipima mavi yale, nikayapima tena kwa kuwa sikuamini macho yangu. Mstari ulilala chini kama siku nyingine yoyote. Nilimpigia Dokta nikashindwa kuongea vizuri, nikawa namwambia tu, "Iko chini, Dokta, iko chini," naye akanikemea nitaje namba kama mtu aliyekwenda shule. Jioni mwezi ukaandama.

Mzee alipoelezwa alikaa kwenye kiti chake cha kukunja. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "Farasi wangu niliyemtoa Arusha, analia kwa ajili ya punda wa Mgeta?"

"Mzee," akasema mtunza farasi, "na punda mwenyewe umemwona lakini?"

Mwanawe Mzee ndiye aliyecheka kwanza. Aliifunga simu akaiweka mfukoni. Punda hakutoka tena getini bila farasi, na pumba zinaletwa kwa guta mpaka leo. Ubao wa zizi haukuvunjwa tena, na mtunza farasi anaonyesha kovu la begani kwa wageni kama mtu aliyelipata vitani.

Lakini kwa watu wa taaluma kazi ilikuwa haijakamilika. Mkuu wa idara alimweleza Dokta mbele yangu kwamba lazima punda aondolewe tena, homoni ipande tena, ndipo mtu yeyote atakapoamini kuwa sababu ni hiyo na si bahati. Kitaalamu alikuwa na haki. Hata mimi niliona hivyo, na nilijua Dokta naye anajua, maana ndivyo alivyotufundisha sisi sote. Alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Nimeshamsikia," akasema. "Sitamliza tena ili nihakikishe kwamba analia."

"Basi haitachapishwa."

"Isichapishwe."

Haikuchapishwa. Katika orodha ndefu ya kazi zake zilizosomwa siku ya kustaafu, yule wa kijivu hakutajwa. Nilikaa pale nimevaa suti ya kuazima nikaona uchungu, halafu nikaona fahari, vyote viwili kwa pamoja, na nikapiga makofi mpaka jirani yangu akanitazama. Baada ya hapo Dokta alihamia kwa dada yake upande wa Kihonda, magoti yakaanza kumsumbua, na pikapu akamwachia mpwa wake. Tulionana kwenye misiba na harusi.

Mwaka huu, masika yalipokwisha, alinipigia simu. Hakusalimu. "Una gari Jumamosi?" Nikasema ninalo. "Nipeleke kwa Mzee wa Vipuri. Nasikia yule wa kijivu amezeeka."

Nilimkuta amejiandaa, manukato yale yale, fimbo mkononi. Njiani aliuliza habari za maabara, nikamwambia kwamba sasa vifuko vinatujia hata kutoka mikoa ya mbali, watu wanatuma mavi ya farasi na punda wao yasomwe Morogoro. Akasema "Hmm," akatazama nje. Najua alifurahi kwa sababu hakuuliza kama friza inasafishwa.

Mzee wa Vipuri alitupokea getini, naye amechoka, ameshikwa mkono na mjukuu wake, kijana mrefu aliyewahi kuvunjika mkono. Dokta alimpa shikamoo yake, nami nikampa Mzee yangu. Mtunza farasi alitoka nyuma ya banda. "Mtani, leo umekuja mikono mitupu? Biashara imekufa?" Dokta alimwambia amekuja kuangalia kama Waluguru wamejifunza kufagia.

Tukaenda kwenye uzio. Yule wa kijivu alikuwa amekuwa mweupe, mgongo umebonyea, lakini macho mazuri, masikio yanacheza. Alikuwa peke yake katikati ya majani. Mzee akafungua kigeti kidogo.

"Ingia, Dokta. Mshike. Wewe ndiye uliyemponya."

Dokta hakuingia mara moja. "Mzee," akasema, "mimi sijawahi kukanyaga humu ndani."

"Kivipi? Mwezi mzima ulikuwa hapa."

"Nilikuwa hapa nje. Sikumgusa hata siku moja. Ningeingia angenizoea, au angeniogopa, au angekuwa ananisubiri asubuhi, na mavi yake yangeanza kusema habari zangu." Aligusa kigeti kwa fimbo. "Nilitamani, lakini."

"Sasa umestaafu," akasema Mzee. "Hakuna cha kuharibu. Ingia."

Akaingia. Alitembea polepole na fimbo yake, gauni likigusa majani, akasimama hatua chache ndani na kunyoosha mkono, kiganja kikiwa wazi. Farasi alinyanyua kichwa. Alimtazama vizuri, kisha akaanza kuja, moja kwa moja, kwa mwendo wake wa kizee. Mzee alikuwa ameshika mkono wa mjukuu wake kwa nguvu.

Farasi alifika pale alipo Dokta, akampita. Alimpita karibu sana, mkia ukamgusa begani, hakumnusa wala hakugeuka. Punda alikuwa ametokea nyuma ya banda, amezeeka naye, sikio moja limelala. Yule wa kijivu alikwenda mpaka kwake akasimama ubavuni, wakaanza kula.

Mzee aliona haya kweli kweli. "Tusamehe, Dokta. Hana adabu huyu."

Dokta alikuwa bado amenyoosha mkono. Aliushusha, akageuka, na nikaona machozi yanamtoka huku anacheka, mwili wote ukitikisika mpaka nikakimbia kumshika asianguke. "Hanijui," akasema. "Mzee, umeona? Hanijui kabisa."

Aliyasema tena maneno hayo kwenye gari. Aliyasema kwa dada wa kituo cha mafuta tulipojaza, ambaye hakuwa ameuliza kitu. Nilipomfikisha nyumbani, dada yake alitoka barazani kutupokea, akamuuliza yule farasi anaendeleaje.

"Mzima," Dokta akamjibu, huku anapanda ngazi bila fimbo. "Hanijui hata kidogo."